Mkono uliopona kwenye karatasi

JICHO LA MPAKANI
Na Faraja Simbeye

Kijana aliyekuja kwangu Jumapili iliyopita alivua viatu mlangoni, akaniamkia, kisha akatoa bahasha aliyoifunga ndani ya mfuko wa nailoni kama mtu anayehifadhi hati ya shamba. Ni utingo. Sisi wa Chapwa, hapa Tunduma, tunawafahamu utingo kuliko tunavyowafahamu madiwani wetu. Foleni ya malori ya kwenda Nakonde inapogoma, wao ndio wanaopanda juu ya mzigo kukaza kamba, ndio wanaolala chini ya tela, ndio wanaonunua mkaa wa mia tano kwa mama wa jirani ili bosi wao dereva apate chai.

Huyu aliteleza juu ya turubai lililolowa mvua usiku. Kamba ikamvuta mkono wa kulia, ukabanwa kati ya mzigo na bomba la bodi. Mwaka huu alipelekwa kupimwa kiwango cha ulemavu, na sasa amepata jibu.

"Mama, hapa wamesema wamemaliza?" akaniuliza.

Niliisoma barua mara mbili. Ilikuwa na mistari sita. Ilisema kwamba kwa mujibu wa tathmini ya daktari hana ulemavu wa kudumu unaostahili malipo. Haikueleza daktari alipima nini. Haikusema asiyeridhika aende wapi, wala ana siku ngapi. Sitaitaja ofisi iliyoiandika, wala hospitali, wala kampuni yenye lori, kwa sababu shauri lake bado bichi na sitaki kumharibia. Lakini jambo lenyewe ni letu sote tunaoishi kando ya barabara hii, na nimeliona likijirudia kwa watu wengi mno wanaoniletea barua zao kusomewa.

Nikamwomba anisimulie siku ya kupimwa. Aliingia, akaulizwa jina, akaambiwa afungue kiganja na kukifunga. Akafungua, akafunga. Akaambiwa ainue mkono juu. Akainua. Kidonda kimekauka, mfupa umeunga, vidole vyote vitano vipo. Daktari akaandika. Yote hayo ni kweli, na simlaumu daktari kwa kuandika alichokiona. Ila mezani mwa daktari hapakuwa na kamba ya kukazwa, hapakuwa na turubai, hapakuwa na gurudumu la akiba la kushushwa saa nane za usiku pale mlimani. Fomu iliyotoka kwa mwajiri ilimtaja kama "mfanyakazi" tu. Mkono ulipimwa kama mkono wa mtu yeyote, na kazi yake haikupimwa kabisa.

Nataka msomaji wangu alielewe jambo hili kwanza: asilimia iliyoandikwa kwenye tathmini ni maoni ya mtaalamu, yaliyojengwa juu ya karatasi zilizokuwa mbele yake siku ile. Karatasi zikiwa chache, maoni huwa membamba. Na sheria inajua hivyo, ndiyo maana ikaweka mlango wa rufaa.

Tulikotoka ni mbali. Sheria ya fidia tuliyorithi kwa Mwingereza, ya mwaka 1949, ilidumu miaka mingi baada ya Uhuru na viwango vyake vikiwa vimeganda: mtu aliyepata ulemavu wa kudumu kazini hakuweza kulipwa zaidi ya shilingi 108,000, na familia ya aliyekufa ilipata shilingi 83,000. Nawaomba madereva wanaosoma safu hii wajiulize tairi moja la lori ni shilingi ngapi. Kwa miaka mingi, maisha ya mtu mzima katika nchi hii yalithaminiwa chini ya tairi. Bunge likapitisha Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao wengi tunauita WCF, ukaanza kazi Julai 2015. Unawahusu waajiri wa umma na wa binafsi Tanzania Bara. Mchango unatoka mfukoni mwa mwajiri, leo nusu ya asilimia moja ya mishahara anayolipa, na hatakiwi kumkata mfanyakazi hata senti.

Hiyo ni hatua kubwa na naiheshimu. Anayeshindwa kufanya kazi kwa muda analipwa asilimia 70 ya kipato chake, hadi miezi 24. Ulemavu ukiwa wa kudumu, hesabu inafuata kiwango kilichoandikwa na mtathmini. Na hapa naomba tukae kidogo. Ulemavu wa asilimia 30 kushuka chini unalipwa mara moja, fedha zinaisha. Ukizidi 30 unalipwa pensheni ya kila mwezi. Kwa hiyo aliyeandikiwa 28 na aliyeandikiwa 32 wanatofautiana namba nne kwenye karatasi, lakini mmoja atakuwa na cha kununulia unga mwezi huu na mwaka wa kumi kutoka sasa, mwenzake hatakuwa nacho. Nimekutana na watu waliopokea hundi yao ya mara moja wakashukuru na kwenda zao bila kujua kwamba hata ile asilimia yenyewe ilikuwa jambo la kuhoji. Rufaa haimhusu aliyenyimwa peke yake. Inamhusu pia aliyepunjwa.

Njia ni hii. Anayepinga uamuzi anaanza kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko, kwa maandishi, akiomba uamuzi upitiwe upya. Asiporidhika, suala linapanda kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, na juu yake kuna Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Siku zinahesabiwa, kwa hiyo jambo la kwanza ni kuandika juu ya bahasha tarehe uliyoipokea na kuuliza siku hiyo hiyo una muda gani. Na mtu asichanganye mambo mawili. Ukifukuzwa kazi kwa sababu umeumia, hilo linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na kwa uachishwaji usio halali una siku 30 tu. Wengi hukimbilia CMA na madai ya fidia, wakirudishwa huko wanakuta siku zimewaishia kotekote.

Barua ya rufaa yenyewe isiwe ya kulia. Najua moyo unataka kulia, lakini anayeisoma anahitaji kitu cha kushika. Mwambie kazi yako saa kwa saa: unabeba nini, uzito gani, unapanda wapi, unakaza nini. Mwambie ni lipi kati ya hayo huliwezi tena, na ni lipi unaliweza kwa maumivu kisha mkono unavimba usiku. Weka nakala za vyeti vyote vya hospitali, kuanzia siku ya ajali, picha za eksirei, barua ya tabibu wa viungo. Omba daktari mwingine akuone na aandike. Omba wenzako walioshuhudia waandike na kutia saini. Kijana wangu ana video ambayo utingo mwenzake aliirekodi kwa simu wakati kijana akijaribu kufunga fundo la kamba. Sekunde kama arobaini hivi, na fundo halifungiki. Niliitazama nikanyamaza.

Kwa utingo kuna ugumu mwingine kabla hata ya asilimia, nao ni kuthibitisha kwamba aliajiriwa. Wengi wameajiriwa kwa mdomo na dereva, tajiri yuko Dar es Salaam na huenda hajawahi kuwaona. Ajali ikitokea, tajiri anasema simjui. Mwajiri anatakiwa atoe taarifa ya ajali kwa Mfuko ndani ya siku saba, na ajali isipofikishwa huko ndani ya miezi 12 haki inaweza kupotea. Sasa nani ataitoa taarifa ya mtu asiyejulikana? Ndugu zangu, msifute meseji za malipo kwenye simu. Ujumbe wa M-Pesa wa posho ya safari, mhuri wa mpakani kwenye hati yako ya kusafiria, picha yako mkiwa mmeegesha na namba za gari zikionekana: hivyo ndivyo vyeti vyako vya ajira. Mfanyakazi mwenyewe naye anaweza kwenda kutoa taarifa. Asikae akimngoja tajiri.

Kuna wanaoniambia rufaa ni kupoteza muda, wakubwa hawabadilishi kauli. Nawajibu kwa mfano wa mbali: Uingereza wana posho ya watu wenye ulemavu inayotolewa baada ya tathmini, na malalamiko juu ya tathmini hizo hayaishi. Aliyekataliwa huko anaomba kwanza uamuzi uangaliwe upya, kisha anakwenda mbele ya baraza huru. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya wanaosikilizwa na baraza hilo wamekuwa wakishinda. Sababu mojawapo ni jinsi linavyoundwa: huketi jaji, daktari, na mtu wa tatu anayeujua ulemavu kwa kuuishi au kwa kuwahudumia walio nao. Wanamwuliza mtu anaamkaje, anavaaje shati, anapikaje. Nalitamani baraza la namna hiyo hapa kwetu, na nalitamani liketi Vwawa au Tunduma mjini. Mtu mwenye mkono mmoja unaofanya kazi anapoambiwa aende Mbeya, kilomita 100 hivi, arudi, aende tena, nauli yenyewe inamfuta kwenye rufaa.

Baraza huenda likachelewa. Lakini kuna linalowezekana hata wiki ijayo bila sheria mpya: kila barua ya kukataa ieleze sababu, iambatane na nakala ya tathmini, na iandike kwa Kiswahili cha kawaida asiyeridhika aende wapi na kabla ya tarehe gani. Na fomu ya mwajiri iwe na ukurasa unaoeleza kazi. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wapo. Wajumbe wetu wa mtaa wajue wanapopatikana, na COTWU, chama cha wafanyakazi wa mawasiliano na uchukuzi, kishuke hadi kwenye foleni kikaongee na utingo kama kinavyoongea na madereva.

Tumemaliza kuandika rasimu Jumanne usiku. Kurasa tatu. Alitaka kuweka dole gumba, nikamwambia asaini kwa mkono uleule wa kulia, kama alivyokuwa akisaini zamani. Kalamu ilimponyoka mara mbili. Saini iliyotoka haifanani na ile ya kwenye kitambulisho chake cha taifa, tukaiacha hivyo, tukabandika nakala ya kitambulisho pembeni yake. Jumatatu tunapanda gari la alfajiri kufuata jalada lake la matibabu.