Kulegeza na Kukaza Nyuzi za Gita

Kutoka Garsen hadi Malindi ni mwendo wa zaidi ya kilomita 100, na kijana wa Ngao ambaye uzi wa gita lake umekatika jioni ya arusi hana duka la kukimbilia. Kwa hiyo yampasa mpigaji wa Mto Tana aelewe vema jambo ambalo mwenzake wa mjini aweza kulipuuza: kila sauti ya uzi inapobadilishwa, mzigo unaolivuta gita hubadilika pia.

Kwa desturi nyuzi sita za gita, kuanzia ule mnene, hutoa sauti za E, A, D, G, B na E. Mpango huo ni desturi tu, wala si sheria. Huko Hawaii wachunga ng'ombe waliotoka Mexico walifika na magita katika miaka ya 1830, na wenyeji wakajifunza kulegeza nyuzi hata gita likatoa sauti zinazopatana kabla kidole hakijagusa shingo. Waorma wa Garsen pengine watafurahi kusikia kwamba ufundi huo ulitoka mikononi mwa wafugaji. Karibu zaidi na Kenya ni wapigaji wa Katanga. Mwenzao mashuhuri, Jean-Bosco Mwenda, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, akaja kupendwa sana Nairobi. Wao walijua kuukaza uzi wa sita nusu ya hatua, kutoka E hadi F, ili kidole gumba kipate sauti nzito ya F bila mkono wa kushoto kuhangaika.

Hapo ndipo pa kuangalia. Kuukaza uzi nusu ya hatua huongeza mvuto wake kwa karibu asilimia 12, na hatua nzima huuongeza kwa asilimia 26. Uzi mnene wa sita aweza kuustahimilia ule mdogo, lakini uzi wa kwanza, ulio mwembamba kuliko yote, aghalabu hukatika. Wako wapigaji wanaokaza nyuzi zote sita kwa sababu mwimbaji ana sauti ya juu. Hao wanaliumiza gita bure. Penseli iliyofungwa kwa mpira kukatiza shingo itapandisha sauti zote pamoja, nao mvuto hautaongezeka kwa kiasi cha kudhuru.

Kulegeza kuna usalama zaidi. Anayeanza na aushushe uzi wa sita tu, kutoka E hadi D, akiulinganisha na uzi wa nne. Zitakuwa sauti za jina moja, ya chini na ya juu. Asisahau kwamba vidole sasa vina kazi mpya. Sauti ya G, ambayo katika uzi huo ilikuwa nafasi ya tatu, imehamia nafasi ya tano. Akiisha kuzoea, aushushe pia uzi wa tano hadi G na wa kwanza hadi D. Hapo gita lote limekuwa D, G, D, G, B, D, na aliyefundishwa kuimba kwa do-re-mi shuleni atazitambua mara moja: so, do, so, do, mi, so. Akipitisha kidole kwenye nyuzi tupu, zitaitikiana zenyewe.

Mpango huo wafaa sana kwa nyimbo za kuimbwa polepole, na Wapokomo wanazo. Ikumbukwe kwamba wimbo wa taifa la Kenya, uliotayarishwa na tume ya watu watano mwaka 1963, ulitokana na wimbo wa mama wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto. Wimbo wa namna hiyo hauhitaji kelele. Kidole gumba kikishika do na so za chini, vidole vingine vyaweza kuufuata mwimbo kwenye nyuzi nyembamba, na mwimbaji hatalazimika kupaza sauti kushindana na gita. Anayepiga nyimbo za mjini peke yake, kwa mpango wa mjini peke yake, ameacha mali nyingi nyumbani.

Lakini uzi uliolegezwa hatua nzima hupoteza moja ya tano ya mvuto wake. Ukiwa mwembamba utalegea, utagonga vyuma vya shingoni na kutoa mlio wa nyuki. Dawa yake ni uzi mnene zaidi. Unene wa nyuzi za chuma huandikwa kwenye pakiti kwa sehemu za elfu za inchi. Pakiti ya kawaida huanza na 12 na kwisha na 53. Anayekusudia kulegeza daima na atafute 13 kwa uzi wa kwanza na 56 kwa wa sita. Huo 56 hurudisha karibu nusu ya mvuto uliopotea. Anayelegeza kwa wimbo mmoja tu na kurudi, 12 na 53 zamtosha.

Kosa la gharama kubwa ni jingine. Magita ya nyuzi za nailoni yamejengwa kwa mbao nyembamba, na nyuzi zake zote pamoja huvuta kama kilo 40. Nyuzi za chuma huvuta zaidi ya kilo 70. Mtu akitia chuma kwenye gita la nailoni, kibao kinachoshika nyuzi chaweza kung'oka na tumbo la gita kuvimba, na gita hilo halitaimba tena vizuri hata likigundishwa. Ni rahisi kutambua: nyuzi za nailoni hufungwa fundo kwenye kibao, na za chuma huwa na kitufe kidogo cha shaba mwishoni. Asiye na hakika na atie nailoni, hata kama sauti yake ni ya upole. Tena nailoni haishiki kutu, ingawa nyuzi zake tatu nene, zilizozungushiwa waya, huchakaa pia.

Hewa ya nchi za chini kuelekea Kipini ina unyevu na chumvi, na nyuzi za chuma zilizoachwa na jasho la vidole hushika kutu upesi. Zifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, na gita lisitundikwe chini ya bati lenye joto. Nyuzi mpya za nailoni hunyooka kwa siku kadhaa, kwa hiyo zitiwe wiki moja kabla ya sherehe. Na anayekwenda Malindi anunue nyuzi za kwanza mbili au tatu za ziada.