Tuzo za ufaulu wilayani: Nani anapongezwa, nani anasahauliwa?

Na Mwandishi Wetu

KILA matokeo ya mitihani ya taifa yanapotangazwa, halmashauri nyingi nchini huandaa hafla ya kuwapongeza walimu na wanafunzi waliofanya vizuri. Mkuu wa wilaya hualikwa kuwa mgeni rasmi, risala husomwa, ngoma huchezwa, na shule zilizoongoza hukabidhiwa ngao, vyeti na bahasha.

Hakuna mwenye busara anayeweza kulibeza jambo hilo. Mwalimu wa shule ya kata anayefundisha darasa lililofurika anastahili kushikwa mkono mbele ya umma, sawa na mtoto aliyefaulu baada ya kutembea kilometa nyingi kila siku kwenda shuleni. Wahenga walikwishasema kuwa chanda chema huvikwa pete.

Hata hivyo, lipo swali ambalo huwa haliulizwi katika hafla hizo: chanda hicho kinachaguliwa kwa kigezo gani, na pete hiyo inawagharimu nini wasiovikwa?

Swali hilo si geni. Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) liliachana na utaratibu uliozoeleka wa kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora kitaifa, kwa maelezo kwamba haukuwa na tija, kwani shule hizo hazikuwa katika mazingira yanayofanana. Nchini Kenya, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Jacob Kaimenyi, alipiga marufuku upangaji wa aina hiyo mwaka 2014.

Lakini kuiondoa orodha hakuondoi kiu ya kulinganisha. Mwenye matokeo ya shule zote za wilaya mkononi anaweza kuzipanga kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho kabla chai haijapoa.

Tanzania ina uzoefu wake katika suala hili. Baada ya matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata sifuri kabla ya matokeo hayo kufutwa na kupangwa upya, Serikali ilianzisha mwaka 2013 mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Miongoni mwa mambo yake ilikuwa ni kuzipanga shule hadharani kwa ufaulu, kitaifa na ndani ya wilaya.

Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin waliuchunguza mpango huo kwa upande wa shule za msingi. Walibaini kuwa shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha kiwango cha ufaulu. Lakini walibaini pia kwamba idadi ya wanafunzi waliofanya mtihani katika shule hizo ilipungua.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja. Ngao inapotolewa kwa asilimia ya ufaulu peke yake, mwanafunzi dhaifu anageuka kuwa mzigo. Asipofika kwenye chumba cha mtihani, asilimia inapanda na shule inapigiwa makofi. Mtoto huyo hayumo katika risala wala katika picha ya pamoja na mgeni rasmi.

Je, dawa ni kufuta tuzo? La hasha. Utafiti mwingine uliofanywa nchini katika shule za msingi 350 za wilaya 10, mwaka 2013 na 2014, ulionyesha kuwa kuzipa shule fedha za ruzuku peke yake hakukuinua kiwango cha wanafunzi kujifunza. Ruzuku hiyo ilipoambatana na malipo kwa walimu kwa kila mwanafunzi aliyefaulu majaribio ya stadi, matokeo yalikuwa mazuri kwa kiasi cha kuonekana.

Fundisho lililopo ni kwamba motisha hufanya kazi pale inapokwenda na vitendea kazi, na pale kila mtoto anapohesabiwa. Kumpa mwalimu cheti huku darasa lake halina vitabu ni sawa na kumpongeza mkulima usiyempa jembe.

Mfano wa Peter Tabichi wa Kenya unafaa kukumbukwa. Mwaka 2019, mwalimu huyo wa sayansi katika Shule ya Sekondari ya Keriko, Kaunti ya Nakuru, alitunukiwa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani yenye thamani ya Dola milioni moja za Marekani. Shule yake haikuwa ya vigogo, bali ya watoto wa familia maskini, karibu theluthi moja yao wakiwa yatima au wenye mzazi mmoja tu. Miongoni mwa yaliyotazamwa ni umbali aliowavusha wanafunzi kutoka pale alipowakuta.

Halmashauri zinaweza kuiga kigezo hicho bila gharama kubwa. Kwanza, tuzo ya juu iende kwa shule iliyopiga hatua kubwa zaidi ikilinganishwa na miaka yake iliyopita. Pili, kabla ya ngao kutolewa, idadi ya waliofanya mtihani ilinganishwe na idadi ya walioandikishwa kuanza masomo, na pengo lolote litolewe maelezo.

Tatu, wanaoitumikia shule nje ya darasa nao waitwe jukwaani. Mpishi anayewasha moto kabla ya alfajiri, mlinzi na matroni wana sehemu yao katika ufaulu, lakini ni nadra majina yao kusikika katika kipaza sauti.

Hafla za pongezi ni njema na ziendelee. Ila mgeni rasmi, kabla ya kumkabidhi mwalimu mkuu ngao ya asilimia mia moja, anapaswa kuuliza swali moja tu: walioanza walikuwa wangapi?