Sauti ya Yakobo, mikono ya Esau

Vijana wetu wengi hucheza michezo ya mtandaoni kwa majina ya kubuni. Anapotokea mmoja anayeshinda kila siku, wenzake huanza kuulizana: huyu ni nani? Wanalinganisha saa anazoingia, mtindo wake na maneno yake, kisha wanatangaza jina la mtu halisi. Je, dalili hizo zinatosha?

Septemba 2001, Nigel Short, mchezaji mashuhuri wa sataranji kutoka Uingereza, alisema gazetini anaamini kwamba mgeni aliyemshinda mtandaoni alikuwa Bobby Fischer, Mmarekani aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1972 na baadaye kujitenga na watu. Alikuwa na dalili mbili. Ya kwanza ni ustadi wa ajabu. Ya pili ni swali la mtego: je, unamfahamu Armando Acevedo? Mgeni alijibu Siegen, 1970. Kweli Fischer alicheza na Acevedo katika mji huo wa Ujerumani mwaka huo.

Fischer alikana. Habari za Siegen hazikuwa siri, na ustadi ungeweza kutoka kwenye kompyuta. Tena Fischer alikuwa akitafutwa na serikali ya Marekani kwa kucheza Yugoslavia mwaka 1992 kinyume cha vikwazo. Kwa mtu wa namna hiyo, kutajwa si mzaha.

Tusome Mwanzo 27. Isaka, macho yakiwa yamefifia, alisikia sauti, akapapasa mikono, akanusa mavazi. Sauti ilimwambia kweli. Ngozi za mbuzi zikamdanganya. Alikuwa na shaka, lakini akaendelea, na baraka ilipotoka haikurudi. Jina likishasambazwa kwenye makundi ya simu nalo halirudi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wakati mwingine watu hukisia sawasawa. Mwishoni mwa 2016, mchezaji aliyejiita Master alianza kuwashinda mabingwa wa mchezo wa Go mtandaoni, hadi akafikisha ushindi wa mara 60. Wengi walihisi ni programu ya AlphaGo. Uhakika ulikuja Januari 4, 2017, Demis Hassabis wa kampuni ya DeepMind, iliyoitengeneza, alipothibitisha. Hata kama wangekosea kuitaja, programu haina mama wa kulia wala mwajiri wa kuifukuza. Jirani yako anao.

Kumbukumbu la Torati 19 inadai mashahidi wawili au watatu, na inawataka waamuzi wachunguze kwa bidii. Dalili mbili mikononi mwa mtu mmoja bado ni shahidi mmoja. Ukimshuku mtu, mwendee faraghani umuulize, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 18. Akikana nawe huna ushahidi mwingine, nyamaza. Anayeficha jina lake bila kumdhuru mtu hatudai maelezo.

Mungu atupe masikio ya kusikia na ulimi wa kungoja.