UCHAMBUZI: Ukinunua mtutu wa stenlesi, hesabu mechi kwanza

Desemba 2024, wakati sisi wa soka tuko bize na tetesi za dirisha dogo, kampuni moja ya chuma kule Syracuse, jimbo la New York, Marekani, ilikwenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Jina lake Crucible Industries. Mwaka uliofuata sehemu ya mali zake ikachukuliwa na Erasteel, kampuni yenye asili ya Ufaransa.

Kwa shabiki wa kawaida hiyo ni habari ya ukurasa wa biashara, unaipita tu. Lakini kwa walenga shabaha wa masafa marefu, Crucible ilikuwa mwenye mali. Ndiyo iliyokuwa ikitengeneza chuma kinachoitwa 416R, stenlesi iliyoandaliwa mahsusi kwa ajili ya mitutu ya bunduki za mashindano. Ni kama usikie kampuni inayotengeneza mpira wa ligi yako imefunga geti. Mechi zitaendelea, mpira utapatikana kwingine, lakini kila kocha atauliza swali moja: huu mpya utadunda vilevile?

Swali hilo ndilo limenileta kwenye mchezo ambao si wangu. Mchezaji anayejengewa bunduki yake ya mashindano huagiza kila kitu kwa kipande: kitako, kifyatulio, darubini na mtutu. Vipande vingine vyote vinaweza kumaliza miaka ishirini. Mtutu ndio unaokufa. Kwa hiyo kuuchagua ni usajili kama usajili mwingine, na wengi wanasajili kwa jina la mchezaji badala ya kuangalia kalenda ya mechi.

DUARA LA MPIRA, VIWANJA TISA MBELE

Kwanza tuelewane ukubwa wa kazi yenyewe. Kuna mchezo unaitwa F-Class, ambao mchezaji analala chini, bunduki imeegemea stendi, anapiga hadi yadi 1,000. Hizo ni mita 914, yaani karibu viwanja tisa vya mpira vikipangwa goli kwa goli. Duara la alama ya juu lina upana wa inchi 10, sawa na sentimita 25. Mpira wa miguu una sentimita 22. Maana yake unatakiwa upige kitu kikubwa kidogo kuliko mpira, kilichowekwa viwanja tisa mbele yako, huku upepo unavuma.

Halafu ndani yake kuna duara jingine la inchi 5. Hilo ndilo linaloamua pale wachezaji wanapolingana pointi, kama sisi tunavyotumia tofauti ya mabao. Mashindano makubwa huamuliwa hapo. Mtutu ukianza kutawanya risasi kwa upana wa vidole viwili vitatu tu, kwa macho huoni kitu, ila ubingwa umeshaondoka.

KWA NINI STENLESI

Vyuma vinavyogombea namba ni viwili. Kipo kromoli, chuma chenye kromi na molibdeni kidogo, ambacho kinatumika sana kwenye bunduki za kawaida na za jeshi. Na ipo stenlesi ya aina ya 416, ambayo 416R ni ndugu yake aliyechujwa. Hii ina kromi kama asilimia 12 hadi 13, na imeongezwa salfa.

Salfa ndiyo siri. Inakifanya chuma kikatike vizuri kwenye mashine bila kuchanikachanika, kwa hiyo mafundi wanaweza kuchonga ile mifereji ya ndani inayoizungusha risasi, wakaisugua mpaka ikalainika kama kioo. Mtutu laini haukusanyi uchafu wa shaba kutoka kwenye risasi haraka. Unapiga raundi nyingi kabla ya kusafisha, na risasi ya hamsini inafanana na ya kumi.

Hapa kuna kosa ambalo wengi wanalifanya. Wanasikia "stenlesi" wanadhani ni chuma kisichojua kutu, kama sinki la jikoni. Hapana. Stenlesi ya sinki ni familia nyingine. Hii ya mitutu, kwa sababu ya ile salfa na kromi iliyopungua, inaweza kushika kutu, hasa kwa mtu wa pwani ambako chumvi iko hewani. Ukitoka uwanjani unaifuta na kuipaka mafuta kama bunduki nyingine yoyote. Anayenunua stenlesi ili asifanye usafi ameshapigwa bao la mapema.

KOO NDILO LINALOCHOKA

Mtutu hauchoki wote kwa pamoja. Unachoka pale nyuma, sehemu ambayo risasi inatoka kwenye chemba na kuanza kuingia kwenye mifereji. Mafundi wanapaita koo. Baruti inapowaka, joto na mgandamizo wote unapita hapo kwanza.

Wakati kromoli inachoka, koo lake linakuwa na mikwaruzo kama msasa, na shabaha inashuka polepole. Stenlesi inachoka kivingine. Koo lake linapasuka mistari midogo midogo, kama tope la bwawa lililokaukiwa na maji kiangazi, lakini vipande vyake vinabaki tambarare na risasi inaendelea kupita vizuri. Ndiyo maana wachezaji wanasema stenlesi inashikilia kiwango chake muda mrefu zaidi, halafu inaporomoka ghafla.

Kwa lugha yetu, kromoli ni beki mkongwe anayepungua kasi kila msimu, kocha anaona na kujiandaa. Stenlesi ni winga anayekimbia dakika 80 kwa kasi ileile, kisha misuli inakaza, anaomba machela. Ukiwa na winga wa namna hiyo lazima uwe na mtu benchi.

SEKUNDE NNE ZA KAZI

Sasa tuje kwenye namba, maana ndizo zinazofanya usajili huu uwe mgumu.

Risasi inakaa ndani ya mtutu muda mdogo mno, kama elfu moja na kidogo ya sekunde. Chukua kaliba ya 6.5 Creedmoor, iliyoingizwa sokoni na Hornady mwaka 2007 na kupendwa haraka. Wachezaji wa mashindano wanahesabu maisha ya mtutu wake kati ya risasi 2,000 na 3,000. Ukijumlisha muda wote ambao risasi 2,500 zimepita ndani, hupati hata sekunde nne. Mtutu mzima, kuanzia unafungwa mpaka unatupwa, umefanya kazi muda mfupi kuliko mwamuzi anavyopuliza filimbi, akaweka mkono sikioni kusikiliza VAR.

Kaliba ya zamani zaidi, .308 Winchester ya mwaka 1952, ina subira. Inachoma baruti kwa kiasi kinacholingana na tundu lake, kwa hiyo mtutu wake unaweza kufika risasi 5,000 na kuendelea. Kaliba nyembamba za milimita 6, zinazotamba kwenye mashindano ya kukimbizana na muda kama Precision Rifle Series ya Marekani, wengi wanazihesabia 1,500 hadi 2,500.

Piga hesabu ya msimu. Mashindano ya siku mbili ya aina hiyo yanakula kama risasi 200. Mtutu wa risasi 2,000 ni mashindano kumi, ukiwa hujafanya mazoezi hata siku moja. Ukifanya mazoezi kama mchezaji anayetaka ushindi, nusu imeondoka. Yamebaki mashindano matano. Kwa hiyo ukiniuliza stenlesi gani nzuri, nitakuuliza kwanza: una mechi ngapi, kaliba gani, na fainali ni lini? Ukifika fainali na mtutu wenye risasi 1,900, umepeleka uwanjani mchezaji mwenye kadi moja ya njano na goti bovu.

NANI AMECHONGA

Baada ya chuma, angalia mkono. Njia kuu ni tatu. Ipo ya kukata, ambapo kisu kinachonga mfereji mmoja mmoja kidogo kidogo. Krieger na Bartlein wa Wisconsin wamejijengea jina kwa njia hii. Ipo ya kitufe, ambapo kitufe kigumu kinavutwa au kusukumwa ndani ya tundu na kuacha alama ya mifereji yote kwa mpigo mmoja. Hart na Shilen wa Marekani na Lothar Walther wa Ujerumani wanaijua hiyo. Na ipo ya kugonga kwa nyundo kuzunguka kiini, ambayo inafaa zaidi viwanda vinavyotoa bunduki nyingi kwa haraka.

Ubishi wa kukata na kitufe ni kama ubishi wa mfumo wa 4-3-3 na 3-5-2. Yote yamebeba makombe. Njia ya kitufe inasukuma chuma kwa nguvu, kwa hiyo lazima kipashwe moto vizuri baadaye ili kitulie. La sivyo mtutu ukipata joto unajipinda kidogo na risasi zinahama. Cha kumuuliza muuzaji ni hicho: mmekituliza chuma vipi, na tundu limesuguliwa kwa mkono au halikusuguliwa?

Kisha msokoto wa mifereji. Risasi nzito na ndefu inahitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi ili isiyumbe. Kwa 6.5 yenye risasi za grani 140, mzunguko mmoja kila inchi 8 ndio uliozoeleka. Kwa .308 ya mashindano ya zamani ya Palma, yenye risasi za grani 155, inchi 13 zinatosha. Chagua risasi utakayopiga, ndipo uchague msokoto. Mtutu ukishachongwa haubadilishiki.

Usisahau mzani. F-Class ina madaraja mawili. F-Open mwisho kilo 10, na F-TR, ambayo inaruhusu .308 na .223 tu, mwisho kilo 8.25 pamoja na darubini na miguu yake. Mtutu mnene unapata joto taratibu na hautikisiki, lakini kila gramu ya stenlesi inakula nafasi ya kitu kingine. Wapo waliofika kwenye mzani wa mashindano wakaanza kufungua skrubu kama bondia anayevua soksi.

MSIBA WA MCHEZAJI WA NCHI NDOGO

Mpaka hapa mchezaji wa Marekani anaweza kusema hamna shida, mtutu ukifa nampigia fundi. Kwake kweli ni simu tu, na kusubiri foleni. Kwa mchezaji wa Afrika ni hadithi nyingine.

Mtutu unahesabiwa kuwa sehemu ya silaha, hauingii kwenye begi kama jezi. Huku unahitaji leseni na kibali cha kuuingiza, na kule unahitaji kibali cha kuutoa. Oktoba 2023 Wizara ya Biashara ya Marekani ilisimamisha vibali vipya vya kuuza silaha na vipuri vyake kwa raia wa nchi nyingi. Mwaka 2024 yakaja masharti makali zaidi, na 2025 yakaondolewa. Ndani ya miaka miwili mlango umefungwa, umefunguliwa nusu, umefunguliwa. Aliyeagiza mtutu wa msimu katikati ya hapo aliucheza msimu huo kichwani.

Na jukwaa nalo linapungua. Jumuiya ya Madola ilikuwa nafasi ya nchi ndogo kupeleka walenga shabaha na kuombea bajeti. Gold Coast 2018 ndiyo ilikuwa ya mwisho. Birmingham 2022 shabaha ikaachwa, na Glasgow 2026 haimo kwenye michezo yake 10. Kilichobaki kwa masafa marefu ni mashindano ya dunia ya mchezo wenyewe, kama yale ya F-Class yaliyofanyika Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 2023. Huko mtu anakwenda kwa mfuko wake na kwa mtutu wake.

USHAURI WA BENCHI

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Stenlesi inastahili kuanza kikosi cha kwanza, hilo sina ubishi nalo. Ila usinunue mmoja. Agiza miwili kwa pamoja, kutoka kwa mchongaji mmoja, ikiwezekana chuma cha bechi moja, na fundi aichonge chemba zote mbili kwa kifaa kilekile. Hapo mtutu wa pili hautakuwa mgeni kikosini. Kama pesa ya miwili haipo, shuka kaliba: .308 yenye maisha marefu itakupa mechi nyingi kuliko milimita 6 inayong'ara miezi sita.

Na nunua daftari. Andika kila risasi iliyopita, mazoezi na mechi, kuanzia ya kwanza. Ukifika theluthi mbili ya maisha ya mtutu, agiza mwingine siku hiyohiyo, maana kati ya kuagiza na kupokea kuna kiwanda, fundi, ofisi mbili za vibali na meli.

Crucible ilikuwepo, watu wakaizoea, ikafilisika. Mtutu wako nao utafanya hivyo hivyo, na kwa stenlesi hautakuaga. Daftari ndilo litakalokuaga mapema.