Mkebe wa kunasa oili hautibu injini

Je, msomaji, umewahi kulifuata gari linalofuka moshi wa samawati kwenye barabara ya Namanga hadi ukalazimika kufunga madirisha? Juma hili nataka tuzungumzie moshi huo, na mkebe mmoja uliotengenezewa uani hapa Kitengela ambao nusura uigharimu familia moja riziki yake.

Jirani yangu ana Toyota Probox ambayo humbebea nyanya na kabeji kutoka Kitengela hadi Kajiado, mwendo wa kilomita 50 hivi. Gari hilo ndilo shamba lake. Ndilo linalolipa kodi ya nyumba, na ndilo linalomsomesha kifungua mimba wake katika chuo cha ufundi. Mwaka jana lilianza kufuka moshi kila alipolikanyagia mafuta. Makanika mmoja akamwambia injini ifunguliwe. Jirani aliposikia bei, alifunga boneti akaenda zake.

Kijana wake aliporudi likizoni alisema, "Baba, niachie mimi kwanza."

Kabla hatujafika alikotufikisha kijana, tuelewe kinachotendeka ndani ya injini. Pistoni huzungukwa na ringi ambazo kazi yake ni kuziba nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Haziwezi kuziba kabisa. Petroli inapolipuka, hewa moto kidogo hupenya pembeni na kushuka chini kwenye oili. Hewa hiyo isipopewa njia ya kutokea, hujaa na kusukuma oili itoke kwenye sili na gaskiti.

Kwa miaka mingi watengenezaji waliimwaga hewa hiyo barabarani kwa paipu iliyoning'inia chini ya gari. Mji wa Los Angeles ulipozidiwa na hewa chafu, magari mapya yaliyouzwa California yalianza mwaka wa 1961 kufungwa vali ndogo inayoirudisha hewa hiyo kwenye injini ili ichomwe pamoja na petroli. Vali hiyo imo katika magari mengi ya petroli tunayoyaendesha leo.

Lakini hewa hiyo hairudi peke yake. Hubeba ukungu wa oili. Oili hiyo huchafua njia ya hewa, hugandisha masizi na, ikizidi, hutoka nyuma ikiwa moshi wa samawati. Hapo ndipo mkebe unapoingia. Hukaa katikati ya ile vali na mahali hewa inapoingilia injini. Hewa ikipita, ukungu hugusa kuta zake, hupoa na kudondoka chini kama mvuke kwenye kifuniko cha sufuria. Magari ya mashindano huujua sana mkebe huu. Kanuni za FIA zimekuwa zikitaka gari ambalo paipu yake ya kupumua imefunguliwa nje liwe na chombo cha kunasa oili cha lita 2 ikiwa injini yake haizidi sisi 2000, na lita 3 ikizidi hapo, ili oili isimwagike njiani na kuwatelezesha wenzake.

Kijana alitumia mkebe mgumu wa chuma wenye kifuniko cha kukaza. Alitoboa matundu mawili juu. Paipu ya kuingilia aliishusha hadi katikati; ya kutokea aliiacha fupi, juu kabisa. Kati yake aliweka waya wa chuma kisichoshika kutu, ule wa kusugulia sufuria, akaubana kwa vibati viwili vyenye matundu ili kipande kisikatike na kunyonywa na injini. Alikataa chupa ya plastiki, kwani injini ikivuta hewa chupa hujikunja, na joto huilainisha. Alikataa pia mpira wa kumwagilia maua, akanunua ule unaostahimili oili na petroli, wenye upana sawa na wa asili. Alikaza kila kiungo kwa klipu, kwa kuwa hewa ya wizi huifanya injini itetemeke, kisha akaufunga mkebe mbali na bomba la moshi na mikanda inayozunguka. Kwa kweli, ilikuwa kazi safi.

Baada ya siku chache moshi ukapungua. Jirani alifurahi mno, akawa anawafungulia wenzake boneti sokoni. "Huyu ni daktari wa injini," alisema. Kosa lake likawa hapo hapo: aliacha kupima oili. Aliona kwamba oili iliyokuwa ikipotea sasa imepata mlinzi.

Lakini, msomaji, fikiria beseni uliloweka chini ya paa linalovuja. Sakafu itakuwa kavu, naam. Je, paa limepona? Oili iliyo katika mkebe haimo tena katika injini. Zaidi ya hayo, ringi zikichakaa, oili nyingine hupanda na kuungua ndani ya silinda bila kupitia kwenye mkebe hata kidogo.

Asubuhi moja, akiwa amepita Isinya na mzigo umejaa, taa nyekundu ya oili iliwaka. Kwa bahati njema alizima injini papo hapo. Alipochomoa kijiti cha kupimia, kilitoka kikavu. Angeendelea kilomita chache tu, injini ingejifunga na leo tungekuwa tunazungumzia chuma chakavu.

Jioni ile kijana alileta daftari. Kumbe kila alipomwaga mkebe alikuwa akipima na kuandika. Juma la kwanza, vijiko viwili. Juma la tano, nusu kikombe cha chai kwa siku tatu. "Baba, mkebe ulikuwa ukituambia," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi niliandika tu, sikukwambia. Uliniita daktari, nikaona haya."

Vali waliiangalia, wakaipata nzima. Wakapima mgandamizo wa silinda. Mbili zilikuwa hafifu. Ringi zilikuwa zimekwisha.

Hapo akatokea dalali wa magari na ushauri wake. Tia oili nzito, osha injini, acha mkebe ulipo, na siku ya kuonyeshwa gari halitatoa moshi. Mnunuzi atagundua akiwa amefika kwao. Karo ya muhula ilikuwa ikidaiwa, na sitakudanganya, jirani alilifikiria jambo hilo usiku kucha. Mkewe ndiye aliyelikata shauri. "Baba, huyo atakayelinunua naye ana watoto," alisema, akaendelea kumenya viazi.

Waliifungua injini. Gari lilikaa gereji majuma matatu, chuo kikakubali karo ilipwe kidogo kidogo, na mama akauza mboga kando ya barabara kuziba pengo. Kwa hiyo nikisema wahenga hawakukosea walipotuonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, nasema nikiwa nimeona.

Sasa, je, mkebe haufai? La hasha. Unafaa kwa injini nzima, hasa zenye tabo na zile zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ambamo petroli haipati nafasi ya kuosha vali za kuingizia hewa. Lakini fuata utaratibu. Kwanza, kagua ile vali ndogo. Nyingi zikitikiswa hulia kama njuga, na iliyoziba hubadilishwa kwa gharama ndogo kuliko mkebe. Pili, pima mgandamizo. Tatu ndipo uunde mkebe. Usiizibe paipu nyingine inayoleta hewa safi kutoka kwenye kichujio. Mwaga mkebe kabla haujafika nusu, kwani ukijaa, oili hunyonywa kwa mkupuo. Asubuhi za baridi, kama zile za Julai huku kwetu, utakuta uji mweupe ndani. Mara nyingi ni mvuke wa maji uliochanganyika na oili. Hata hivyo, ukiuona uji huo pia kwenye kijiti cha oili, au maji ya rejeta yakipungua, mwone makanika upesi. Oili chafu usiimwage mtaroni wala malishoni. Iweke kwenye debe uipeleke gereji inakokusanywa. Na pima oili kila juma, uwe na mkebe au usiwe nao.

Probox imerudi barabarani, na mkebe ungali pale pale. Nilimwuliza kijana kwa nini hakuung'oa. Alinionyesha daftari: kijiko kimoja kwa mwezi mzima. Chini yake, kwa mwandiko wa babake, palikuwa na maneno mawili: "Nimeona. Baba."

Jumapili ijayo tutaangalia betri zinazokufa kabla ya wakati wake. Hadi hapo, endesha salama.