Chapati Yetu, Modak Yao? Acheni Hizo

Wiki jana niliweka video nikipika modak jikoni kwetu hapa Embu. Modak, kwa mwenye hajui, ni vitonge vya unga wa mchele vilivyojazwa nazi na sukari guru, vikaiva kwa mvuke. Nilidhani mtaniuliza vipimo. Wapi! Nikaletewa komenti za aina tatu: hiyo ni chakula ya Wahindi, hiyo ni ya miungu, hiyo ni ya watu wa Nairobi wako na pesa. Leo najibu zote tatu na sibembelezi mtu.

Tuanze na Wahindi. Wewe uliyeandika hivyo, wageni wakija kwenu Jumapili mnapika nini? Chapati. Kwa harusi huko Nkubu usipoona chapati si unarudi nyumbani ukinung'unika? Sambusa je? Bajia je? Hata huo mchele wa pishori tunaoringia nao, mbegu yake ni Basmati 370, iliyotolewa Punjab mwaka wa 1933. Leo nani atamwambia mkulima wa Mwea kwamba pishori si yake? Chakula kinakuwa chako ukishakilima, ukakipika na ukawalisha watoto wako. Hakuna cheti kingine.

Ya pili, miungu. Ni kweli, kule Maharashtra modak hupikwa sana wakati wa sikukuu ya Ganesha, na huwa sadaka. Lakini mjue hili pia: Wakristo wa Kerala, kanisa la zamani kuliko lolote la hapa kwetu, hupika vitonge kama hivi Jumamosi ya kabla ya Jumapili ya Matawi. Wao huviita kozhukatta. Nazi ni ile ile, mchele ni ule ule. Sasa dhambi iko wapi, kwa mvuke?

Ya tatu ndiyo iliniuma, kwa sababu inaonyesha vile tumezoea kudharau vitu vilivyo mlangoni. Ukitoka Embu kwenda Nairobi unapita katikati ya mashamba ya mpunga, Kimbimbi hadi Ngurubani. Pale kuna chenga, ule mchele uliovunjika kwa kinu. Bei yake iko chini ya pishori nzima na wengi wetu tunawapa kuku. Jameni, kwa kazi hii chenga na mchele mzima ni kitu kimoja, maana vyote vinaishia kuwa unga! Ioshe, ianike ikauke, uisage. Kwa posho mil waombe wasafishe mashine kwanza, la sivyo utapewa unga wa mahindi wenye harufu ya mchele.

Majani ya mgomba, huku Meru nani hununua? Kule Kerala wanatandaza donge la mchele juu ya jani, wanaweka nazi na sukari guru, wanakunja na kupika kwa mvuke. Hakuna kibao cha plastiki cha kuagiza ng'ambo. Na kama nazi imekuwa ghali, twanga makadamia kidogo uchanganye. Makadamia inatoka Embu na Meru, tunampa broka kwa kilo, halafu tunaikuta supamaketi kwa pakiti ndogo tukisema ni ya matajiri. Ni nani alituroga?

Nakiri, mara ya kwanza vyangu vilipasuka vyote. Nilikanda na maji baridi kama chapati. Kosa! Unga wa mchele hauvutiki kama wa ngano. Unashikana ukiivishwa na maji moto. Chemsha kikombe kimoja cha maji na chumvi kidogo na samli, mimina kikombe kimoja cha unga, koroga, zima moto, funika dakika tano. Kanda ukiwa bado moto, paka mikono samli. Jaza, funga, weka kwenye chungio juu ya sufuria ya maji yanayochemka, funika dakika kumi hadi kumi na mbili. Basi.

Sasa angalieni hesabu. Mandazi yanataka mafuta ya kujaa karai, na nyote mnajua bei ya mafuta. Hiki kinataka maji. Kuna akina mama wangapi stendi ya Embu na Makutano ya Meru wanaouza mandazi yale yale, wakigombania mteja yule yule? Mmoja akileta kitu kipya chenye harufu ya iliki, kimefungwa kwa jani la mgomba, tutamnunulia au tutamwambia arudi India?

Hapo ndipo ugomvi wangu uko. Tukicheka kila anayejaribu, tutabaki tukiuza mchele na makadamia kwa gunia, na tukinunua vitamu kwa pakiti. Mwenye bado anataka kunitukana aje, lakini aonje kwanza.