Riwaya za Mwezi Zifike Nyumbani

Leo kalamu yangu ina swali moja tu: ukishapendekezewa kitabu, utakisomea wapi?

Kila mwezi mkutubi wetu hubandika karatasi kwenye mlango wa maktaba, imeandikwa RIWAYA ZA MWEZI HUU. Ile ya mwezi wa sita ilikuwa na majina manne: Siku Njema ya Ken Walibora, Utengano ya Said Ahmed Mohamed, Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, na Peponi ya Abdulrazak Gurnah, yule mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Nampongeza sana mkutubi kwa sababu hakuna hata moja tutakayotahiniwa. Sisi twaijua Nguu za Jadi ya Clara Momanyi tu, na tusidanganyane, wengine hata hiyo hawajaisoma, wamesoma mwongozo. Kuna mwenzangu darasani anaweza kukutajia sifa kumi za Mangwasha bila kupumua, lakini kitabu chenyewe hajakifungua.

Nyumbani kwetu twazungumza Dholuo, darasani Kiingereza, sokoni Kiswahili cha kuvunjavunja. Kiswahili chenyewe mimi nilikutana nacho vitabuni. Bwana Msa, yule mpelelezi wa Unguja na kiko chake, amenifunza maneno mengi kuliko kamusi, na kitabu hicho kilitoka mwaka 1960, kabla ya baba yangu kuzaliwa! Peponi nayo ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akaitafsiri, ikachapishwa mwaka 2022. Humo kuna mvulana Yusuf, miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri kwa ajili ya deni la baba yake. Tuliisoma wawili tukiinamia kitabu kimoja. Rafiki yangu, ambaye kila muhula hurudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, hakusema neno hadi kengele ilipolia.

Sasa shida ni hii. Riwaya za orodha haziruhusiwi kutoka maktabani, na nakala ni moja moja. Maktaba hufunguliwa wakati wa chakula cha mchana, kisha baada ya masomo hadi saa kumi na moja kasorobo. Sisi ni wanafunzi wa kutwa. Mimi natoka upande wa Ranen, zaidi ya saa nzima kwa miguu, na njia yapita katikati ya miwa mirefu kuliko mtu. Nikingoja hadi maktaba ifungwe, giza litanikuta humo. Kwa hivyo nabaki na mchana, na mchana kuna foleni ya nyoyo. Ukishakula na kuosha sahani, una dakika ishirini. Hizo ni kurasa sita, saba ukikazana. Mwezi waisha riwaya ikiwa nusu, na orodha yabadilishwa.

Hapa naomba kuungama. Ijumaa moja Siku Njema ilikuwa imenifikisha pale Kongowea anapoondoka Tanga kwenda kumtafuta baba yake Kenya. Kengele ikalia. Nikakitia kitabu ndani ya sweta nikatoka. Moyo ulinidunda njia nzima! Jumamosi usiku nikawasha taa ya sola, nikawa nasoma kwa sauti huku Mama akichambua mboga. Mahali fulani aliacha kuchambua, akapangusa macho, akasingizia moshi wa jiko. Jumapili usiku tukamaliza. Jumatatu kitabu kilikuwa kwenye rafu yake kabla ya gwaride, hakuna aliyejua. Mkutubi, sasa umejua. Nisamehe, na kama ni adhabu, nitapangusa vumbi rafu zote muhula mzima.

Sheria hiyo naielewa. Vitabu vimewahi kupotea, na waliovipoteza ni sisi wanafunzi wala si majini. Lakini hebu tazameni Utengano ya maktaba yetu: kurasa za mwisho zimenyofolewa. Zilinyofolewa humohumo ndani, maana kitabu hakijawahi kuruhusiwa kwenda popote. Kwa hivyo kukifungia hakukusaidia kitu.

Maoni yangu ni kwamba riwaya hizo nne zitoke Ijumaa saa kumi na zirudi Jumatatu kabla ya gwaride. Anayetaka ajiandikishe kwenye daftari, mwalimu wa darasa atie sahihi, na wakizidi wanne ipigwe kura. Atakayechelewesha asipewe tena mpaka muhula uishe. Atakayepoteza alipe, hapo sina huruma. Chama chetu kinaweza kuvijalidi vitabu kwa karatasi ngumu, hiyo ni kazi ya alasiri moja tu.

Mama naye aliisoma Utengano alipokuwa sekondari, na anasema mwisho wa Maimuna anaukumbuka vizuri. Nikifika nayo, nisome hadi pale ilipochanika, yeye atanimalizia. Kila Ijumaa nikiingia nyumbani hutazama mkoba wangu kwanza.